Daraja la Miaka Hamsini Ijayo

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa kuogopa mtu, ila kwa sababu wenyewe wamo kwenye mchakato wa kulibadilisha na kamati haijamaliza vikao. Aliyefika huko ameijua. Ambaye hajafika, huenda anaishi huko bila kujijua.

Nchi hiyo haikuwa na matatizo. Mengi yalitatuliwa katika Mpango wa Nne, na yaliyosalia yakafutwa kwa pamoja Alhamisi moja, kabla ya chakula cha mchana. Ila serikali ilikuwa imeshaajiri watu wengi wa kutatua matatizo, wenye viti vya kuzunguka na magari, na haikuwezekana watu wazima wale wakae bure. Ndipo ikaundwa Wizara ya Kesho, iyatafute matatizo huko mbele, ambako inaaminika bado yapo ya kutosha.

Mbali na makao ya wizara, mwendo wa siku nzima na nusu yake ya vumbi, palikuwa na mto uitwao Nyamzizi. Upande mmoja palikuwa na shule ya msingi na barabara. Upande wa pili palikuwa na nyumba za watu. Katikati palikuwa na daraja la mbao ishirini na sita, zimelazwa juu ya vyuma viwili virefu.

Miaka minne nyuma, ng'ombe alikanyaga ubao mmoja uliooza, mguu ukatumbukia. Ikaja timu ya wakaguzi. Wakapima, wakapiga picha, wakala kuku wawili wa mwenyekiti, wakaandika kwamba daraja ni hatari kwa sababu ya ubao mmoja. Ili kuondoa hatari wakang'oa mbao zote ishirini na sita, wakazipakia kwenye lori kwenda kufanyiwa tathmini. Vyuma viliachwa kwa kuwa havikuenea kwenye lori.

Hatari ikawa imeondoka. Na daraja pia.

Asubuhi iliyofuata Siwatu alikuwa anakoroga uji wa shule. Alikuwa binti wa miaka ishirini, aliyemaliza darasa la saba shuleni hapo hapo na kuishia hapo hapo. Akainua macho, akawaona watoto wamejipanga ng'ambo, mikoba kichwani, wanautazama mto kama wanaosubiri umalize kupita. Akaepua sufuria, akajifunga khanga vizuri, akaingia majini. Hakuna aliyemtuma. Baada ya wiki wazazi wakawa wamezoea. Baada ya mwezi kamati ya shule ikampa cheo: Mvushaji wa Muda.

Watoto walikuwa sitini na watatu, asubuhi kwenda, mchana kurudi. Wakubwa aliwashika mkono, wadogo aliwabeba mgongoni. Miaka minne ya kazi hiyo ilimfanya awajue kwa uzito kuliko kwa sura. Alijua nani amekula na nani amelala na njaa, na siku za Jumatatu karibu wote walikuwa wepesi.

Masika yaliyopita mto ulifika kifuani. Tausi, mdogo wake Mashavu wa darasa la sita, alimponyoka mgongoni. Siwatu alimfukuzia hatua kumi, akamdaka kwa kola. Mtoto alitoka mzima, akatapika maji, akaulizia kiatu chake. Watu wakasema Mungu mkubwa, wakaenda mashambani.  Siwatu alikuwa ameipima ile kola mkononi mwake, kitambaa kilivyochakaa, na akajua kabisa kwamba masika yajayo kutakuwa na mtoto ambaye hatamfikia. Tangu siku hiyo alikuwa akihesabu miezi.

Imebaki mitatu, waraka ukafika.

*

Waraka ulitoka Wizara ya Kesho. Ulitangaza Mashindano ya Taifa ya Wanafunzi Wabunifu wa Kutatua Matatizo ya Miaka Hamsini Ijayo. Kila shule ilete timu ya wanafunzi wanne. Timu itaje tatizo litakalokuwepo baada ya miaka hamsini, ilitatue kwa kufuata hatua sita, ambazo zilikuwa ni kuliona tatizo, kuliona upya, kulikubali kimsingi, kulitafutia mawazo mengi, kuyapunguza mawazo, na kushukuru. Sharti kuu lilipigiwa mstari mara mbili: timu itakayoleta tatizo la sasa itaondolewa kwa kosa la kukosa maono.

Mwalimu Chambua, mkuu wa shule, mtu mpole aliyekuwa na suti moja na hofu nyingi, aliwasomea watoto waraka chini ya dirisha la jiko. Siwatu akawa anasikia huku akiosha vikombe. Mwalimu aliuliza nani ana tatizo. Mashavu akanyoosha mkono, akasema mto.

Mwalimu akamweleza kwa upole kuwa mto ni tatizo la leo, na leo hakuna matatizo, kwa hiyo akae.

Mashavu hakukaa. "Mwalimu," akasema, "baada ya miaka hamsini mbao zitakuwa zimerudi?"

 Mwalimu Chambua akautazama mto, akautazama waraka. Alikuwa mtu mkweli akibanwa.

"Hazitakuwa zimerudi," akasema.

"Basi ni tatizo la miaka hamsini ijayo."

 Mwalimu alizunguka ubao mara mbili, akachukua chaki, akaandika mwaka wa mbali kabisa, na chini yake akaandika: Mto. Timu ikawa imepatikana.

Kwa kuwa timu ilikuwa na wasichana watatu, waraka ulitaka awepo mlezi wa kike. Walimu wa kike walikuwa wawili, mmoja mjamzito na mwingine amehamishiwa kwenye semina tangu mwaka juzi. Akabaki mpishi wa uji. Siwatu alikubali kwa sharti moja: baba zao watoto waingie majini siku zote za safari badala yake. Wakaingia. Siku ya kwanza jioni wakamtumia salamu kwamba awahi kurudi.

*

Ukumbi wa mashindano ulikuwa na viyoyozi kumi na viwili, na watu wakavaa makoti ili kuvistahi. Majaji walikuwa saba, wote wataalamu wa kesho. Aliyewaongoza ni Dokta Nyerembe, Katibu wa Wizara, mwanamume mrefu aliyesema taratibu sana, kama mtu anayetafsiri maneno yake mwenyewe. Nyuma ya majaji, kwenye kiti chenye mito, alikaa Waziri wa Kesho, Mheshimiwa Mtandika. Ilielezwa kuwa Mheshimiwa amefumba macho kwa ajili ya kuona mbali.

Shule za mjini zilitangulia. Timu ya kwanza ilitatua foleni ya magari mwezini. Ya pili ikatatua wizi wa mawingu kwa kuyafunga namba. Ya tatu ilileta tatizo la wazee watakaoishi miaka mia tatu na kusahau majina ya wake zao, ikapendekeza kila mke avae jina lake kifuani. Majaji walitikisa vichwa kwa furaha. Siwatu, nyuma kabisa karibu na mlango, alisikiliza yote kwa makini, na kila timu ilipomaliza alijiuliza hawa watoto wanavuka nini wakienda shule.

Ikafika zamu ya Nyamzizi. Mashavu alisimama na sare iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mgeni njia. Alisema baada ya miaka hamsini kutakuwa na shule iliyo ng'ambo ya mto. Kutakuwa na vyuma viwili bila mbao. Kutakuwa na watoto sitini na watatu, na mwanamke mmoja atakayewavusha kwa mgongo, asubuhi na mchana, na usiku hatalala akisikia mvua.

 Jaji mmoja wa kike alitoa leso. Dokta Nyerembe akavua miwani.

"Binti, hongera kwa ubunifu," akasema. "Lakini huyu mwanamke mmemtia chumvi. Hesabu inaonyesha anavusha watu mia moja ishirini na sita kwa siku. Binadamu wa namna hiyo hayupo. Mmemtoa wapi?"

Mashavu alitupa jicho nyuma ya ukumbi, kwenye mlango. Siwatu akatikisa kichwa kidogo, maana mwalimu alishawaonya wasitaje cha sasa.

"Tumembuni, Dokta," Mashavu akajibu.

"Mpunguzeni. Na suluhisho ni lipi?"

"Mbao ishirini na sita."

Majaji wakasubiri. Dokta akauliza mbao hizo zinajiendesha, au zina mitambo ya kuwatambua wavukaji kwa sura. Mashavu akasema ni mbao za kawaida, zinapigwa misumari. Dokta akauliza awamu ya pili ni ipi. Mashavu akafikiri, akasema awamu ya pili ni kuvuka.

Majaji walinong'onezana kwa huzuni. Walikubaliana kuwa tatizo ni zuri sana, limebuniwa kwa ustadi, ila suluhisho lake ni la kitoto. Wakawa wako tayari kuipa ushindi timu ya wizi wa mawingu. Hapo Mheshimiwa Mtandika akafumbua macho. Akasema amesikiliza matatizo yote tangu asubuhi na hili ndilo la kwanza alilolielewa. Basi likashinda.

Waziri akasimama mwenyewe kutangaza. Akasema nchi nyingine husubiri tatizo lifike ndipo zihangaike, lakini nchi hii imelitatua miaka hamsini kabla. Dokta Nyerembe akafungua daftari kubwa la ngozi, akaandika kwa kalamu ya wino: Mto Nyamzizi, tatizo limetatuliwa. Mhuri ukapigwa. Watu wakashangilia mpaka viyoyozi vikazima.

Watoto wanne walirukaruka wakalia. Walipomkimbilia Siwatu walimkuta anatabasamu, ila macho yake yalikuwa bado kwenye lile daftari. Alikuwa ameona kitu kimoja ambacho katika shangwe ile hakuna aliyekiona. Hakuna mtu aliyeuliza mto wenyewe uko wapi.

*

Wiki ya pili baada ya ushindi ilikuja barua ya wizara. Mwalimu Chambua aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

Barua ilisema kwa kuwa tatizo la mto limetatuliwa, nafasi ya Mvushaji wa Muda imefutwa. Zaidi ya hapo, kitendo cha kumbeba mtu mgongoni ndani ya mto huo ni kukanusha daraja, na mkanushaji atachukuliwa hatua kama msambazaji wa uvumi. Mwisho ilisema Mheshimiwa Waziri atafika mwenyewe kulizindua daraja, siku ya Jumamosi ya mwisho kabla ya masika.

"Lipo wapi?" Siwatu akauliza.

"Kwenye daftari."

"Na watoto wapite wapi?"

Mwalimu alikunja barua mara nne. "Dada Siwatu, mimi sijakwambia uache, na sijakwambia uendelee. Mimi nina watoto watano."

Basi Siwatu akawa anawavusha kwenye kona ya mto, nyuma ya matete, mahali ambapo gari la wilaya likipita barabarani haliwezi kumwona. Kina kilikuwa kirefu zaidi kule. Watoto waliagizwa wasiimbe. Mawingu yalianza kukusanyika juu ya milima, na hayakuwa na namba.

*

Jumamosi ikafika. Alfajiri lilikuja lori la wizara, wakashuka vijana na mbao, wakajenga jukwaa la wageni upande wa barabara. Lilikuwa jukwaa zuri, la mbao ngumu zilizopigwa rangi za taifa, pana kama sebule. Utepe mwekundu ukafungwa kwenye ncha za vile vyuma viwili. Zulia likatandikwa hadi kwenye utepe na kuishia hapo.

Ratiba ilikuwa imepigwa chapa: Mheshimiwa atakata utepe, atavuka daraja kwa miguu, atawasalimia wanafunzi ng'ambo, kisha atahutubia taifa kwa redio moja kwa moja. Kwa hiyo wanafunzi walitakiwa wawe ng'ambo wakiimba. Walikuwepo, wametoka shuleni kufanya mazoezi ya wimbo. Walikuwa wakavu kabisa, na hakuna mgeni aliyejiuliza vipi mwanamke mmoja kwenye umati wa upande huu amelowa mpaka kwapani.

Mheshimiwa Mtandika alikata utepe. Bendi ikapiga. Akainua mguu wa kulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatazama anapokwenda.

Mguu ukabaki juu.

Chini yake maji ya kahawia yalipita kwa haraka, yakibeba majani na vijiti vya huko juu ambako mvua ilishaanza. Bendi ilimaliza wimbo, ikamwona Waziri hajavuka, ikaurudia.

"Dokta," Waziri akasema bila kugeuza kichwa, "daraja liko wapi?"

"Lipo, Mheshimiwa. Kwa sasa liko katika hatua ya kukubalika kimsingi."

"Nalivukaje?"

Dokta Nyerembe alipekua ratiba, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Mtu wa redio alikuwa ameshasema hewani kwamba wakati wowote kuanzia sasa Mheshimiwa ataonekana juu ya daraja. Ng'ambo watoto waliendelea kuimba, shingo wamezinyoosha. Ndipo mzee mmoja wa kijiji, kwa nia njema kabisa, akanong'ona kwamba yupo binti hapa anayejua mto, hubeba watu mgongoni.

Siwatu akaitwa. Alisimama mbele ya Waziri, akamtazama kama alivyozoea kuwatazama wote, akampima. Kilo mia na kumi, na viatu.

"Binti," Waziri akasema kwa sauti ya chini, "nasikia wewe huvusha."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nilikuwa navusha. Nilifutwa kwa barua, kwa sababu daraja lipo."

"Mimi nakuruhusu kwa leo tu."

"Mheshimiwa, nikikubeba nitakuwa nimekanusha daraja. Na redio iko hapa."

Waziri akaugeukia umati. Umati ulikuwa umemkazia macho kwa heshima kubwa, kila mtu anasubiri kuona kiongozi akivuka juu ya kitu alichokizindua. Jasho likamtoka kwenye mikunjo ya shingo. Akautazama mto, akalitazama jukwaa lake alilotoka kukalia. Akalitazama tena.

"Bomoa hilo," akasema.

Haijawahi kuonekana wizara ikifanya kazi namna ile. Wakurugenzi walivua makoti. Mtaalamu wa Maono ya Muda Mrefu alibeba ubao begani, Mkuu wa Kitengo cha Mikakati akashika misumari mdomoni, na baba zao watoto wakaja na nyundo zao bila kuitwa. Siwatu ndiye aliyewaonyesha mahali pa kuanzia, maana vyuma vile alivijua kwa chini. Bendi ilirudia wimbo mara nne tu, daraja likawa limekwisha. Mbao zilizobaki zilikuwa tatu.

Mheshimiwa akavuka. Akawasalimia wanafunzi, akahutubia taifa kwa dakika hamsini, akasema daraja hili limewahi kwa nusu karne. "Na ninapozungumza nanyi," akamalizia, "wananchi wanavuka." Akavuka kurudi, akaingia garini, akaondoka na vumbi lake.

*

Vumbi lilipotulia, Dokta Nyerembe akawaita vijana wa lori. Mbao zile zilihitajika kesho yake wilaya ya pili, kwa jukwaa la kuzindua hospitali. Waanze kung'oa.

Siwatu alisikia. Alikuwa anakamua khanga yake ukingoni. Mvua ya juu ilikuwa imeshaufikisha mto kwenye alama ya mwaka jana, ile ya Tausi. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alitembea mpaka katikati ya daraja, akasimama.

"Mama, maliza kuvuka tufanye kazi," Dokta akasema.

"Navuka, Dokta."

"Umesimama."

"Nimechoka kidogo. Nitaendelea."

Dokta akasubiri. Mtu wa redio alikuwa bado anakunja nyaya zake, na sikio lake lilikuwa limeshageuka. Siwatu akavuka polepole mpaka ng'ambo, na kabla unyayo wake haujagusa udongo akamwambia Mashavu neno moja, na Mashavu akapanda. Mashavu alipokaribia upande wa huku, wadogo watatu wakaanza kutoka kule. Wakafuata wengine, wawili wawili, wakifika wanageuka. Wazazi wakaelewa. Bibi mmoja akaja na mkungu wa ndizi kichwani, akavuka, akakumbuka amesahau kitu, akarudi. Mwalimu Chambua alisimama ukingoni na suti yake kwa muda mrefu. Kisha akavuka naye, akitazama mbele tu, kama mtu anayekwenda kuoa.

"Kung'oa daraja lenye wananchi juu yake," kijana wa lori akasema, "mimi sijaona fomu yake, Dokta."

Dokta Nyerembe aliwaambia watu wapumzike. Wakamshukuru, wakaendelea kuvuka. Aliwaambia waende nyumbani, wakamwambia ndiko waendako. Jua liliposhuka, mtu wa redio aliwasha tena mashine yake na kumwomba Katibu maelezo mafupi kuhusu shauku hii ya wananchi. Dokta akasafisha koo, akasema wizara ilitarajia hivyo. Kisha akapanda kwenye lori pamoja na mbao tatu.

Watu wa Nyamzizi wakapanga zamu. Mpaka leo daraja lile haliachwi tupu, mchana wala usiku, na mgeni akipita hupewa zamu yake kabla ya maji ya kunywa. Taarifa ya mwaka ya Wizara ya Kesho ilieleza kuwa ndilo daraja lenye wavukaji wengi kuliko yote nchini, ikapendekeza lijengewe la pili ubavuni, katika awamu ya miaka hamsini ijayo.

Masika yalipita. Watoto walikuwa sitini na watatu, wakabaki sitini na watatu.

Asubuhi moja Mashavu alifika kumpokea Siwatu zamu, akamkuta ameketi katikati ya mbao, anachambua choroko kwenye ungo. Akamuuliza, dada, hivi tutavukavuka mpaka lini.

"Mpaka watusahau," Siwatu akasema.

"Na wakizikumbuka mbao?"

"Sisi walitusahau miaka minne, tena tunapumua. Kuzisahau mbao kutawachukua wiki."

Akanyanyuka, akamwachia Mashavu nafasi pale pale alipokuwa ameketi, pakiwa bado na joto, akaenda kukoroga uji.